Mjane hadhulumiwi mahakamani, anadhulumiwa kwenye kikao cha ukoo turubai likiwa bado halijashushwa

Karani wa Kata

Salaam wakuu. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kahama, sio wakili msije mkaanza kuniita msomi, ni wale tunaokaa kwenye chumba kimoja ofisi ya kata tunawaandikia watu barua na kuwaelekeza pa kwenda. Migogoro ya mipaka ipo, matunzo ya watoto yapo, ila zinazoniumiza kichwa ni za wajane maana nyingi zinanifikia zikiwa zimeshaoza. Mama anakuja miezi nane baada ya msiba kabeba mfuko wa salfeti, ndani kuna kadi za kliniki za watoto na picha ya harusi basi. Hati ya kiwanja haipo, kadi ya pikipiki haipo, laini ya simu ya marehemu anayo shemeji. Ukimuuliza ilikuwaje anakwambia "walikaa kikao, wakaniambia niweke sahihi".

Hapo kwenye sahihi ndo pana kila kitu. Siku ya kuanua tanga ukoo unaingia ndani, anateuliwa baba mdogo au kaka mkubwa wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa kwenye karatasi ya daftari, halafu mjane ambaye hajalala siku nne na hajala cha maana anaitwa kutoka kwa wanawake wenzake aje asaini. Anasaini. Ile karatasi na cheti cha kifo ndo vinakwenda Mahakama ya Mwanzo, hakimu anaona ukoo mzima umekubali na mjane mwenyewe kasaini, wewe ungekuwa hakimu ungefanyaje? Na cha kuchekesha ni kwamba sheria yenyewe haijasema popote kuwa bila muhtasari wa ukoo huwezi kufungua mirathi, ni utaratibu tu umezoeleka mpaka watu wanauogopa kama amri ya Mungu.

Msimamizi SIO mrithi. Naandika kwa herufi kubwa maana wengi wanaoteuliwa hawalijui hili, au wanajifanya hawalijui. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Mahakama ya Mwanzo inampa miezi minne alete orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, kisha hesabu kwenye fomu namba 6. Sasa nenda kaulize ni wangapi wanarudi. Wakishapata ile barua ya usimamizi wanakwenda kuuza kiwanja wiki inayofuata.

Halafu kuna mzigo wa zamani. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lile lililoandika mila za makabila yanayofuata upande wa baba, linasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. 1963 hiyo, mpaka leo lipo. Wajane wawili walilipinga Mahakama Kuu, 2006 mahakama ikakubali kabisa kwamba ni la kibaguzi ila ikakataa kulifuta, Mahakama ya Rufani 2010 ikatupa rufaa yao, wakaenda mpaka kwenye ile kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao na sheria ibadilishwe.

Nimeuleta huu uzi ili mwenye dada, mama, shangazi ajue pa kushika mapema. Karibuni.

Mtoto wa Ukerewe

Mkuu umenikumbusha mbali. Sisi alipofariki mzee baba mkubwa alikuja na daftari lake tayari, yaani muhtasari ulikuwa umeshaandikwa kabla ya kikao, kikao chenyewe ilikuwa kusoma tu. Mama alikuwa na mtumbwi na nyavu ambavyo alinunua yeye kwa hela ya dagaa, vikaandikwa mali ya marehemu. Hakuna aliyemuuliza. Mtumbwi ukaondoka.

Kibopa Msafi

Nimekaa siti ya mbele, ngoja wenye ukoo wao waje

Jembe la Ukoo

Mtoa mada umeongea vizuri ila umeegemea upande mmoja sana. Tuseme ukweli na sisi upande wa wanaume tuna ya kusema. Ndugu yetu alisomeshwa na baba kauza ng'ombe, kapata kazi, kajenga, kaoa miaka mitatu kafariki. Mwanamke anabaki na nyumba, baada ya mwaka kaingiza mwanaume mwingine humo humo kwenye nyumba ya marehemu na wazazi wetu kijijini hawana hata wa kuwanunulia sukari. Hiyo ndo haki mnayoitaka? Ukoo unalinda mali isitoke nje kwa sababu hiyo, sio roho mbaya. Na wengine tunajua walivyowafikisha waume zao huko, tusiseme sana.

Karani wa Kata

Jembe hapo mwisho umejiharibia mwenyewe, kama una ushahidi kituo cha polisi kipo, usiuweke kwenye kikao cha mirathi kama fimbo. Huo ndo mchezo, mjane akianza kuuliza hati anaambiwa kamuua mume ili anyamaze.

Ila la wazazi una hoja na sikupingi. Kwa Waislamu wazazi wana fungu lao, baba sudusi (moja ya sita) na mama sudusi kama marehemu kaacha mtoto. Shida ipo kwenye ile sheria ya urithi ya India ya 1865 ambayo ndo inatumika kwa Wakristo wengi ambao hawaishi kimila, ile inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili, wazazi hapo hawapati kitu. Sheria ya mkoloni ya 1865, unaona tulivyo? Kwahiyo kilio chako ni cha kubadilisha sheria, sio cha baba mdogo kuhamia na godoro lake.

Na hilo la kuingiza mwanaume. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 68 inasema hata kama mila inasema vingine, mwanamke aliyefiwa yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye. Mbona mjane wa kiume akioa mwezi wa tatu mnamchangia harusi?

Bi Mwanahamisi wa Ngamiani

Hapo kwenye dini naomba niingie maana watu wanaitumia nusunusu. Ni kweli mke fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane, kama mume kaacha watoto, na robo kama hakuacha. Imeandikwa hatuna la kuongeza wala kupunguza. Lakini wanangu, thumuni ya NINI? Ya mali ya marehemu. Kwanza maiti azikwe, kisha madeni yalipwe, na mahari aliyobakiza hakuyalipa ni deni kama deni jingine, yanatoka kwanza. Kisha wasia. Kisha ndo mnagawa.

Sasa watakuja watu wanahesabu mpaka cherehani ya mwanamke, mpaka dhahabu alizopewa na mamake, mpaka ile nyumba ambayo yeye alitia nusu ya matofali kwa biashara yake ya vitenge, vyote wanavipiga chungu kimoja halafu wanamkatia thumuni wanasema dini imesema. Dini haikusema hivyo! Mali yake ni yake haiingii kwenye mirathi kabisa. Na mimi nimeona mtu yuko eda, miezi minne na siku kumi hizo hata dirishani hachungulii, huku nje wanaume wanamalizana na dalali. Anatoka eda nyumba si yake.

Mtoto wa Ukerewe

Shikamoo bi mkubwa. Hilo la chungu kimoja ndo la mama yangu kabisa.

Bi Mwanahamisi wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Mwambie mamako risiti zozote, hata daftari la kibubu au la mchezo wa kupeana, asitupe.

Mluguru Mpole

Nyie wa kanda ya ziwa mna shida zenu. Kwetu Uluguru mashamba ni ya ukoo wa mama, mwanamume ndo anakuja kulima kwa mkewe. Mke akifa mwanamume ndo anaangaliwa "wewe unabaki hapa kama nani". Mjomba wangu alirudi kwao na jembe moja na redio 😂

Sheria Mwaka wa Tatu

Uzi mtamu. Naongezea kitu ambacho darasani kilinishangaza. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani, kupika kufua kulea, ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kesi maarufu sana. Lakini ile ilikuwa ya TALAKA, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinachohusu kugawana mali kinaongelea wanaoachana au kutengana. Kifo hakipo pale. Sasa piga hesabu: mwanamke wa kimila aliyeachika anakwenda mahakamani anadai sehemu yake kwa kupika na kulea, mwenzake aliyevumilia mpaka mume akafa mikononi mwake anaambiwa nenda kwa watoto wakutunze. Yaani sheria inamlipa aliyeondoka kuliko aliyebaki kuuguza.

Kibopa Msafi

Duh. Hii sijawahi kuifikiria

Jembe la Ukoo

Kwahiyo mnawashauri waachike mapema 😂😂 haya

Mama Wawili Moro

Samahani naomba kuuliza, nimejiunga kwa sababu ya huu uzi. Mume wangu alikuwa mlutheri, tumefunga ndoa kanisani, tumeishi mjini miaka yote, kwao alikuwa anakwenda krismasi tu tena sio kila mwaka. Amefariki mwaka jana. Shemeji yangu amefungua mirathi mahakama ya mwanzo huko huko kwao wilayani bila kunishirikisha, nimejua juzi nilipokwenda kufuatilia mafao nikaambiwa kuna msimamizi. Sijasaini popote. Ninaambiwa nimechelewa. Ni kweli?

Karani wa Kata

Pole sana dada. Hujachelewa, ila usikae.

Mahakama ya Mwanzo mirathi inayoruhusiwa kusikiliza ni ile inayofuata mila au dini ya Kiislamu. Mkristo aliyeishi kama ulivyoeleza, hoja yako kubwa ni kwamba mambo yake hayakuwa ya kimila. Mahakama zetu huwa zinaangalia marehemu aliishije na alikusudia nini, kwahiyo cheti cha ndoa ya kanisani, kadi ya ushirika na ahadi za sadaka, barua ya mchungaji, kwamba alizikwa kikristo, kwamba watoto wamebatizwa, kwamba alikuwa hahudhurii mambo ya kimila, vyote hivyo kusanya. Ndugu wengi wanakimbilia kule kwa makusudi maana wakishaingiza mila, wanaingiza na lile tangazo la 1963, na wewe theluthi yako inayeyuka.

Cha kufanya, nenda pale pale ilikofunguliwa uombe kuona jalada, angalia muhtasari wa kikao kama wameweka jina lako na sahihi isiyo yako (nimeziona hizo, mtu hajui kusoma lakini kwenye muhtasari kasaini kwa mwandiko wa daktari). Uombe usimamizi utenguliwe. Angalia pia kama fomu ya 5 imeshaletwa, kama miezi minne imepita na hajaleta orodha hiyo nayo ni sababu. Kwa hili tafuta mtu wa kukuandikia vizuri, Morogoro wasaidizi wa kisheria wapo, mashirika ya WLAC na TAWLA yanasaidia wanawake bure, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya mtu asiyeweza kumlipa wakili.

Mafao usiyachanganye na kiwanja. Peleka kwenye mfuko wenyewe cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha kifo, waeleze kwa maandishi kwamba kuna mgogoro na uhakikishe wamekugongea muhuri kwenye nakala yako.

Mama Wawili Moro

Asante sana Mungu akubariki. Sahihi yangu naijua ina mkia, nitaitambua.

Mpakani Boda

Mimi niko Tunduma, ukivuka tu hapo Nakonde Zambia mambo ni tofauti. Wao tangu 1989 wana sheria ya mtu aliyekufa bila wasia: mke au mume asilimia 20, watoto 50, wazazi 20, wategemezi 10. Imeandikwa namba, kila mtu anaijua hata muuza mkaa. Haimaanishi hawanyang'anyani, wananyang'anyana sana tu, ila mjane akienda kulalamika anajua anadai ngapi. Na jamaa yetu Jembe wazazi wake hapo wamo. Malawi nao 2011 walitunga yao, ukimpora mjane mali ya marehemu ni jinai kabisa sio mambo ya familia.

Jembe la Ukoo

Hiyo ya Zambia naikubali. Nipeni hiyo hata kesho nasaini.

Nyar Kisumo

Kenya hapa nawasoma. Huku kwetu kabla ufike kortini lazima upitie kwa chifu akuandikie barua inayosema marehemu aliacha nani na nani, so vita yetu iko kwa ofisi ya chifu si kwa kikao. Mashemeji wakifika kwa chifu mbele yako wewe mke unasahaulika kwa hiyo barua, watoto wa kike pia wanasahaulika, kijana mdogo ndiye anaandikwa. Lakini sheria yetu ya urithi kifungu cha 45 inasema ukigusa mali ya marehemu kabla korti ikupatie idhini ni kosa, faini mpaka elfu kumi au jela mwaka mmoja ama zote mbili. Elfu kumi imekuwa kidogo sana lakini hilo neno jela linasaidia, mimi shemeji yangu alirudisha ng'ombe usiku.

Na huku kwetu Nyanza bado kuna mambo ya tero, mjane lazima arithiwe ndio aweze kujenga ama kupanda. Ukikataa mvua ikikosa ni wewe.

Ngosha Mstaafu

Naomba niseme la kwetu Usukumani maana mtoa mada yuko Kahama lakini amelikwepa, au labda ameliogopa. Wazee wetu wa kike wameuawa kwa miaka mingi Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita kwa kuitwa wachawi, ati macho mekundu. Macho mekundu ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni, kila aliyepikia humo miaka arobaini anayo. Mimi nimefanya kazi serikalini huko vijijini, na karibu kila mara ukichimba chini unakuta bibi ni mjane, watoto wako mjini, na ana eneo ambalo wajukuu wa upande wa mume wanalitaka. Mganga anakuja baadaye kuweka jina tu. Msiishie kwenye wajane wa mjini wenye hati na mafao.

Karani wa Kata

Mzee wangu umenishika pazuri. Sijalikwepa, nililiona kubwa la uzi wake peke yake. Kwa ardhi ya kijiji nasisitiza kitu kimoja: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kifungu cha 20 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Kijiji chenye hati za kimila, jina la mke liingizwe kwenye hati pamoja na la mume wakiwa HAI wote. Ni jambo la asubuhi moja. Bibi mwenye jina lake kwenye hati ya kimila anakuwa mgumu kumhamisha, na wanajua. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu haliamui, kwahiyo msimpotezee bibi mwaka mzima pale, mkishindwana nendeni Baraza la Ardhi la Wilaya.

Dada Sabuni

Na sisi ambao hatuna cheti? Tumeishi naye miaka kumi na moja watoto watatu, mahari hakumaliza.

Sheria Mwaka wa Tatu

Kifungu cha 160 Sheria ya Ndoa. Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi mpaka watu wakawajua kama mke na mume, sheria inadhania mmeoana. Ila ni dhana, inaweza kuvunjwa, mfano akitokea mke wa ndoa halali ya kikristo ambaye hajaachwa. Andaa majirani, mjumbe, barua za shule zinazokuandika mzazi, kadi ya bima kama alikuweka. Kama bado yuko hai acha kusoma uzi, mwambie mkafunge ndoa bomani.

Dada Sabuni

Yuko hai anakula ugali hapa pembeni 😅 namuonyesha

Mtoto wa Ukerewe

Wasia je? Wengi tunaogopa ni kama kujitabiria.

Karani wa Kata

Andikeni. RITA, ule wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, wanasaidia kuandika na wanatunza. Kwa upande wa kimila wa mdomo upo lakini unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, na mashahidi wa mdomo tunawajua, wakipewa soda mbili wanasahau.

Mdogo Mtu Tabora

Wakuu dharura. Dada yangu kafiwa, tumezika jana Nzega, kikao cha ukoo ni Jumamosi. Shemeji alikuwa na nyumba mbili na mashine ya kusaga. Dada hana nguvu hata ya kuongea. Naingiaje kwenye kikao cha watu?

Karani wa Kata

Pole sana. Unaingia kama ndugu wa mjane, ukikatazwa kaa mlangoni lakini usiondoke, na muingie na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Kabla ya Jumamosi piga picha hati zote, kadi ya mashine, mita ya umeme, mikataba ya wapangaji, uzihifadhi kwenye simu yako sio ya dada. Laini ya marehemu ishikeni nyie. Kibali cha mazishi mkishike nyie pia maana mwenye nacho ndo anakwenda kuchukua cheti cha kifo.

Kwenye kikao mpendekeze dada awe msimamizi, wakigoma pendekezeni wawe wawili yeye na mtu wao, inaruhusiwa. Majina ya watoto WOTE yaandikwe hata wa nje, ukificha mtoto wa nje ndo wanakutengua baadaye. Na dada asisaini karatasi yenye nafasi tupu wala asiyosomewa. Akiwa hawezi, aseme "sijawa tayari, tupange wiki ijayo". Hakuna sheria inayovunjika.

Mdogo Mtu Tabora

Muhtasari anaandika nani? Wao wana mwalimu kwenye ukoo, kila kitu anaandika yeye.

Karani wa Kata

Yeyote anayejua kuandika. Kwenye watoto wa dada, mkubwa ana umri gani?

Mdogo Mtu Tabora

Wa kike, kamaliza kidato cha nne.

Karani wa Kata

Mpe daftari akae pembeni ya huyo mwalimu aandike naye neno kwa neno, mkimaliza karatasi zote mbili zisomwe kwa sauti ndo watu wasaini. Nicheki inboksi Ijumaa jioni.